BIMA SI KAZI YA MANENO MATUPU



Siku hizi wenzetu wengi hapa Malaba na Busia wanataka kuwa maajenti wa bima, kila mtu kwa nafsi yake. Siwakatazi. Malori hayaishi mpakani, na gari la Kenya likivuka kwenda Uganda huchukua Kadi ya Njano ya COMESA, ya kumlipia mtu atakayegongwa ng'ambo. Kazi ipo.

Lakini kubeba mkoba si kuwa ajenti. Kwanza usome upate cheti cha bima, ndipo uombe leseni kwa IRA, halmashauri ya serikali inayosimamia bima. Leseni hiyo huombwa upya kila mwaka.

Sisi wa reli twajua: treni haiondoki stesheni bila ruhusa. Na bima vivyo hivyo. Sheria ya Kenya yasema malipo yasipolipwa, bima hakuna. Jirani yangu alimpa ajenti mmoja fedha zake, naye akazitia mfukoni mpaka Jumatatu. Jumamosi gari likagonga mtu. Jirani akauza ng'ombe.

Kwa hiyo, ndugu, uanze na wanaokujua, malipo yafike kwa kampuni siku ile ile, na mteja aishike risiti ya kampuni mkononi. Ujira wa ajenti ni sehemu ndogo tu ya malipo. Mtaji wako ni kuaminiwa.