Mhadhiri Huanza Kuchaguliwa Darasani Kwetu

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda Uroa kumkagua mmoja wa wanachuo wetu. Uroa ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, kaskazini ya Chwaka. Somo la siku ile lilikuwa la uraia, nalo lilihusu uongozi wa shehia. Mwanachuo alikuwa amejitayarisha barabara. Alieleza kwa lugha nyepesi kwamba sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, akataja kazi zake moja moja, na watoto wakaziandika katika madaftari yao. Hapo mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, mjomba wangu anakaa kijijini, Tanga. Anasema kwao mwenyekiti wa kijiji hupigiwa kura na watu. Mbona sisi sheha hatumpigii kura?"

Mwanachuo alitutazama sisi tuliokuwa tumekaa nyuma ya darasa. Nasi, kwa kuwa zilikuwa zimesalia dakika chache tu na andalio la somo lilikuwa bado halijakamilika, tukamwashiria saa. Akatufahamu. Akamwambia mtoto kwamba swali lake litajibiwa siku nyingine. Siku hiyo haikufika, maana wiki ile ile mazoezi yalikwisha na sote tukarudi mjini.

Kosa lile lilikuwa letu, wala si la mwanachuo, na tangu hapo tumelifikiri mara nyingi. Yule mtoto hakuwa ametoka nje ya somo. Alikuwa amechukua mambo mawili yanayofanana, uongozi wa shehia kwetu na uongozi wa kijiji Tanzania Bara, akayaweka pamoja, akaona yanapotofautiana, kisha akauliza sababu. Kazi hiyo katika vyuo vikuu ina jina lake: huitwa siasa linganishi. Ni tawi la sayansi ya siasa linalochunguza kwa nini nchi mbili, au sehemu mbili za nchi moja, hutawaliwa kwa njia mbalimbali, na njia hizo huzaa matokeo gani. Ni elimu kongwe. Mwanafalsafa wa Kiyunani Aristotle, pamoja na wanafunzi wake, anasemekana kuwa alikusanya habari za katiba 158 za miji na dola za zama zake, ili maoni yake juu ya utawala yasimame juu ya mifano.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya vyuo vikuu yanatuhusu nini sisi walimu wa msingi? Jawabu letu ni kwamba yanatuhusu sana. Kila chuo kikuu kinapotafuta mhadhiri kijana wa siasa linganishi, hutafuta mtu ambaye tabia yake ya kufikiri ilikwisha kujengwa, au kubomolewa, miaka mingi kabla, katika darasa kama lile la Uroa. Kamati ya uajiri humwona mtu huyo kwa saa moja au mbili. Sisi tulikuwa naye miaka.

Na tuangalie basi jinsi anavyotafutwa. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania ngazi ya kwanza ni ya Mkufunzi Msaidizi. Anayeiomba hutakiwa awe na shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Ngazi ya Mhadhiri Msaidizi hudai shahada ya uzamili, nayo wastani wake usipungue 4.0. Baada ya hapo husomea udaktari, na akishaupata ndipo huweza kuitwa Mhadhiri. Desturi ya kuwachukua wahitimu bora na kuwasomesha zaidi ilizaliwa na haja. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, wengi wa walimu wake walikuwa wageni. Kilipokuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, kuwapata walimu wenyeji lilikuwa jambo la heshima ya nchi. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, nacho kikakabiliwa na haja hiyo hiyo.

Hatuna ugomvi na kipimo cha alama. Pasipo kipimo, nafasi hugawiwa kwa kujuana: mtoto wa fulani, mtu wa fulani, mwenzetu wa chama fulani. Mtoto wa mvuvi asiye na mjomba ofisini hana kinga iliyo bora kuliko tarakimu iliyoandikwa na kutangazwa. Anayetaka kuifuta tarakimu hiyo hapana budi atuambie kwanza ataweka nini mahali pake.

Walakini alama hueleza jambo moja tu: jinsi mtu alivyojibu maswali ya wengine. Haielezi kama anaweza kuuliza lake, wala kama anaweza kumfundisha mtu. Juu ya hilo tunao mfano wa mtu wa pwani yetu wenyewe. Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika mtihani wa Cambridge wa kumalizia sekondari alipata daraja la tatu, na kwa daraja hilo mlango wa Makerere ulifungwa mbele yake. Akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu mjini Mombasa. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, kilichomwinua ni hotuba aliyoitoa siku ya Maulidi mbele ya Gavana wa Kenya. Kutoka hapo alipata nafasi ya kwenda Uingereza kukamilisha masomo yake. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, New York, mwaka 1961, kisha akaenda Oxford.

Mwaka 1963 Makerere ile ile ilimchukua kuwa mwalimu wa sayansi ya siasa. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 32, ilimpa uprofesa na kumkabidhi idara, na udaktari wake wa Oxford ulikamilika mwaka uliofuata. Chuo kilichomkataa kwa karatasi moja kilimpokea alipokwisha kusikika na kusomwa. Alikaa hapo hadi mwaka 1973, alipoondoka Uganda wakati wa utawala wa Idi Amin, akaendelea na kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 2014 na kuzikwa kwao Mombasa.

Mtu asije akatufahamu vibaya. Hatusemi kwamba daraja la tatu ni dalili ya kipaji. Walioanguka na wakabaki chini ni wengi, na majina yao hayakuandikwa popote. Tunalolisema ni hili: laiti pasingalikuwapo siku moja ambapo kijana yule aliruhusiwa kusimama na kusema, karatasi ile ingalikuwa hukumu yake ya mwisho. Ni watoto wangapi wa Uroa, wa Makunduchi au wa Nungwi waliopata siku kama hiyo?

Kwa sababu hiyo maoni yetu ni kwamba kamati inayomtafuta mwalimu kijana wa siasa linganishi, ikishatazama alama, imsikilize akifundisha, na somo hilo lipewe uzito sawa na vyeti. Apewe mada moja na nusu saa. Kwa mfano, aambiwe aeleze serikali mbili za kugawana madaraka: ile ya Kenya ya mwaka 2008 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2010. Mtahiniwa dhaifu atasimulia ya Kenya mpaka mwisho, kisha atasimulia yetu, na atakaa kitini akidhani amelinganisha. Mtahiniwa bora atachagua kwanza vipimo vyake. Atauliza: makubaliano yalizaliwaje? Ya Kenya yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008 baina ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, baada ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya elfu moja. Ya kwetu yalitanguliwa na mazungumzo ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad mwaka 2009, kisha wananchi wakapiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, na takriban thuluthi mbili wakakubali. Atauliza tena: yalidumu vipi? Ya Kenya yaliwekwa kwa muda na yakakoma na uchaguzi wa mwaka 2013. Ya kwetu yaliingizwa katika Katiba. Hata hivyo baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo serikalini, hadi Desemba 2020 Maalim Seif alipoapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hapo ndipo swali zito huchomoza: ikiwa maandishi ya Katiba peke yake hayatoshi, ni kitu gani kinachotosha?

Anayefundisha hivyo ameonyesha mambo matatu. Kwanza, anapima vitu viwili kwa kipimo kimoja. Pili, anaweza kueleza hoja ya upande asioupenda kwa namna ambayo wenyewe wa upande huo wangeikubali kuwa ni yao. Tatu, anaongoza hadi kwenye swali na halioni haya swali hilo. Katika visiwa vyetu, ambako uchaguzi umewahi kutenganisha majirani na hata ndugu wa tumbo moja, jambo la pili lina thamani kubwa kuliko yote. Mhadhiri asiyeliweza atawagawa wanafunzi wake kila mwaka hadi astaafu.

Sasa turudi kwetu. Mambo hayo matatu hayaanzi kupandwa chuo kikuu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa Uroa huja skuli akiwa tayari ameanza kulinganisha. Aliyemsaidia mama yake kufunga mwani anajua kwamba kotonii ina bei nzuri zaidi lakini hufa maji yakipata joto, ilhali spinosamu ni ya bei ndogo na hustahimili. Hiyo ni milinganisho miwili, wa bei na wa uvumilivu, na ameifanya kabla ya kujua kuandika neno lenyewe. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba akili ile ile aitumiayo pwani ndiyo inayotakiwa darasani.

Kwa hiyo tunawapendekezea wanachuo njia tatu zisizohitaji fedha. Mnapofundisha jambo la utawala, chora jedwali ubaoni lenye safu mbili, na upande wa kushoto andika maswali: Nani humweka kiongozi? Hukaa muda gani? Nani anaweza kumwondoa? Watoto wajaze safu zote mbili, ya sheha na ya mwenyekiti wa kijiji cha Bara, kwa maswali yale yale. Wataona kwamba mmoja huteuliwa na mwingine huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Baadaye ligawe darasa: nusu itoe faida za kuteua, nusu itoe faida za kuchagua, kisha zibadilishane pande, ili kila mtoto aseme na la mwenzake. Mwisho, siku moja katika wiki, toa alama kwa swali zuri kama unavyotoa kwa jibu sahihi.

Tunajua yatakayosemwa. Muhtasari ni mrefu, madarasa yamejaa, na mtihani hauulizi maswali ya watoto. Ni kweli, na hatutamlaumu mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake. Lakini jedwali la safu mbili halichukui muda zaidi ya kuandika maelezo marefu ubaoni, na aliyelijaza mwenyewe hulikumbuka siku ya mtihani. Wengine watahofu kwamba kulinganisha tawala ni kuleta siasa za vyama darasani. Sisi twaona kinyume chake. Siasa za vyama huingia darasani pale mwalimu anapotoa hukumu. Anapotoa kipimo na kuwaachia watoto wapime, hakuna chama kinachoweza kudai kuwa kimeonewa.

Yule mtoto wa Uroa hatujui aliliweka wapi swali lake. Yamkini alilisahau, kwani mtoto akikatizwa mara mbili tatu hujifunza kunyamaza. Yamkini alikwenda nalo nyumbani. Iwapo siku moja atasimama mbele ya kamati ya chuo kikuu, ataulizwa maswali na watu wenye shahada kubwa, nao watadhani kwamba wao ndio wa kwanza kumpima. Ndugu wanachuo, mtoto akinyoosha mkono zikiwa zimesalia dakika tano, na mkufunzi wenu ameketi nyuma akiwaashiria saa, mjibuni mtoto kwanza. Andalio la somo tutalisamehe.