Kutoka Kuvunja Ungo hadi Kukoma Hedhi: Kimya cha Lugha na Afya ya Mwanamke wa Makamo

Ni jambo lisilopingika kwamba jamii hulipa jina lile inalolijali. Kiswahili kina msamiati mpana kuhusu mwanzo wa uzazi: msichana huvunja ungo, hupata kungwi au somo wa kumfunda, na akijifungua huwa mzazi anayetunzwa hadi arubaini yake itimie. Lakini mwisho wa uzazi, ambao kwa wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55, umeachiwa maneno makavu ya zahanati: kukoma hedhi. Makala haya yanashikilia kwamba kimya hicho cha lugha kinamdhuru mwanamke.

Chukuliwe mfano wa Mackinnon Road, mji mdogo ulio kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, katika nyika kavu ya Kinango, kaunti ya Kwale. Wasafiri huutambua kwa msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah. Katika nyika hiyo, mzigo wa kuteka maji wakati wa ukame, kuchunga mbuzi na kulea wajukuu aghalabu humwangukia mwanamke wa makamo. Homoni ya estrojeni inapopungua, mifupa hudhoofika, usingizi hukatika na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Hayo humkuta angali na mtungi wa maji kichwani. Asipokuwa na jina la kuyaita, huyaita uzee, akanyamaza. Nayo hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, upande wa pili kabisa, ufuoni mwa bahari.

Taasisi nazo zimeurithi ukimya huo. Juni 2013 serikali ya Kenya iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, hatua iliyostahili pongezi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ule wa 2014 na ule wa 2022, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wanaume hadi 54. Mwanamke akifikisha miaka 50 hutoka katika hesabu, ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bila kutaja ukomo wa umri.

Wapo wanaodai kwamba malalamiko haya ni ya wanawake wa Magharibi. Huutaja utafiti wa Margaret Lock, uliochapishwa 1993, ulioonyesha kwamba wanawake wa Japani walilalamikia joto la ghafla mwilini kwa uchache kuliko wa Marekani na Kanada. Hoja hiyo haitoshi. Wajapani wana neno lao, konenki, linalojumuisha kipindi kizima cha mpito, pamoja na mabega kukakamaa na uchovu. Isitoshe, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 ulibaini kwamba joto hilo na jasho la usiku vilidumu kwa wastani wa kati wa miaka 7.4, na kwa wanawake wenye asili ya Kiafrika miaka 10.1. Hivyo basi, utamaduni huathiri namna ya kuumwa na namna ya kusema; kutosema si ushahidi wa kutoumwa.

Pengine itasemwa kwamba mambo haya ni ya siri na heshima. Kweli, lakini kungwi hufundisha mambo ya siri zaidi kwa heshima iyo hiyo, na Kiswahili kina hazina kubwa ya tasfida. Hapa ndipo penye wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: kukusanya semi za wanawake wazima katika Chiduruma, Chidigo na lahaja za pwani, kusanifisha istilahi zitakazoeleweka kisimani na zahanatini, na kuandika vijitabu vya kuwasaidia wahudumu wa afya vijijini. Wahenga walinena kuwa utu uzima dawa. Mwenye dawa hiyo naye anahitaji kutibiwa, na tiba huanza pale mgonjwa anapoweza kutamka kinachomsumbua.