Mwenye Dhamana Hana Budi Kuhojiwa

Mwezi Januari 1977, siku chache kabla TANU na ASP hazijaungana na kuzaa Chama Cha Mapinduzi, Taifa lilipokea habari nzito. Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Walijiuzulu pia Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Viongozi hao hawakutuhumiwa kumpiga mtu kwa mikono yao wenyewe. Waliondoka kwa sababu raia waliokuwa chini ya ulinzi wa vyombo vya dola katika mikoa hiyo miwili walikuwa wameteswa, na baadhi yao walipoteza maisha.

Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kama sifa ya mtu mmoja muungwana aliyekubali kubeba dhambi za walio chini yake. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini anayeishia kwenye sifa huacha nyuma funzo lenyewe. Swali linalowapasa watumishi wa umma na walimu kulitafakari ni hili: ilikuwaje hata vyombo vilivyoundwa kulinda uhai wa wananchi vikautoa uhai huo? Na ni njia gani iliyowekwa ili jambo hilo lisirudiwe?

Chanzo cha mkasa ule hakikuwa uovu mtupu. Katika vijiji vya Usukuma, tangu Kwimba na Magu hata Shinyanga, wazee walikuwa wakiuawa kwa mapanga usiku, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Bibi aliyezeeka mbele ya moshi wa jiko hata macho yakawa mekundu alihesabiwa kuwa mchawi, na kifo cha mtoto wa jirani kilitosha kuwa ushahidi dhidi yake. Serikali isiyoshtushwa na mauaji ya namna hiyo isingestahili kuitwa serikali. Hivyo, katikati ya miaka ya sabini, amri ilitolewa kwamba wauaji wasakwe. Polisi na maafisa wa usalama walikamata watu kwa wingi katika mikoa yote miwili.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mwuaji wa usiku haachi shahidi, na mwanakijiji aliyemwona huogopa kusema. Kazi ya upelelezi wa kweli ni ya polepole: kupima nyayo, kuhoji jirani mmoja mmoja, kufuata fedha iliyolipwa. Lakini mkubwa aliyeko juu alitaka matokeo, na aliyeko chini alijua kwamba matokeo ya haraka kuliko yote ni mtu kukiri. Basi fimbo ikachukua nafasi ya upelelezi. Mtu aliyeteswa atakiri lolote, liwe la kweli au la uongo, ili apate nafuu ya saa moja. Na mtu wa uongo akishakiri, mwuaji wa kweli hulala salama nyumbani kwake.

Wapo wanaosema, tena kwa nia njema, kwamba kuwabana polisi ni kuwapa nguvu wahalifu. Historia ya Kanda ya Ziwa inawajibu. Mateso ya miaka ile hayakukomesha mauaji ya vikongwe. Mauaji hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wananchi wa Shinyanga na Mwanza walianza kujiundia sungusungu ili kupambana na wezi wa mifugo na wahalifu wengine. Watu wenye imani na kituo cha polisi hawashiki pinde na mishale kujilinda wenyewe. Polisi anayetesa humwonea mtuhumiwa, kisha huiondolea dola yote imani ya raia.

Ni kweli kwamba mwaka 1977 haukuishia kwenye kujiuzulu. Baadhi ya maafisa wa polisi na wa usalama walifikishwa mahakamani, na wengine walihukumiwa kufungwa. Kwa hiyo uwajibikaji ulionekana katika sura mbili ambazo hazina budi kwenda pamoja: aliyetenda alijibu mbele ya sheria, na aliyemsimamia alijibu mbele ya Taifa. Pakikosekana ya kwanza, kujiuzulu huwa ni maneno matupu. Pakikosekana ya pili, koplo hutolewa kafara ili aliyemtuma abaki na kiti chake.

Hata hivyo, palibaki pengo. Haki ile ilipatikana kwa sababu uongozi wa juu kabisa wa nchi uliamua kutofumba macho. Haki inayotegemea uamuzi wa wakubwa haimfikii mvuvi wa Ukerewe aliyepigwa kituoni usiku wa kuamkia Jumatatu. Yeye anahitaji njia iliyo wazi siku zote, inayojulikana, na isiyohitaji kujuana na mtu.

Njia aliyo nayo leo itazamwe. Aliyejeruhiwa, kwa kawaida, hutakiwa kuchukua kituoni fomu ya polisi namba 3, ile PF3 inayojulikana na kila mwananchi, ili majeraha yake yaandikwe hospitalini na kuwa ushahidi. Ikiwa waliomjeruhi ni polisi wenyewe, basi huanza safari yake ya kutafuta haki kwa kuwaomba karatasi watu wale wale waliompiga. Akiipata na kulalamika, malalamiko hupelekwa kwa mkuu wa kituo au kwa ofisi ya kamanda, nao huwateua maafisa wa jeshi hilo hilo wachunguze. Wahenga walikwisha kuonya kuhusu kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Hata nyani akiwa mwadilifu, nani atakayeamini hukumu yake?

Haisemwi hapa kwamba sheria hazipo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Katiba inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na muda huo hauongezwi ila kwa utaratibu uliowekwa. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi kichunguzwe na mamlaka ya mahakama. Lakini mwaka huo huo wa 1980, miaka michache tu baada ya mkasa wa Mwanza, Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa ili maungamo yaliyotolewa mbele ya afisa wa polisi yaweze kupokelewa mahakamani, mradi yawe yametolewa kwa hiari. Sharti la hiari ni zuri. Lakini mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa, na thamani ya kumfanya mtu akiri ikapanda. Hakimu akibaini leo kwamba maungamo yalipatikana kwa kipigo, huyakataa, na kesi huendelea au hufa. Aliyepiga hurudi kazini kesho yake kana kwamba hakukutwa na kosa.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kurithi kazi za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu, ilileta matumaini. Karibu na Ziwa hili hili ndiko ilikopimwa mapema. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walilalamika kwamba mwezi Oktoba 2001 nyumba zao zilichomwa na wakafukuzwa katika zoezi lililosimamiwa na uongozi wa wilaya pamoja na polisi. Tume ilisikiliza, na mwishoni mwa mwaka 2004 iliona kwamba haki zao zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa, na wanakijiji wakaingia katika safari ya miaka mingi ya mahakama. Chombo kinachoishia kupendekeza ni sawa na mbwa anayebweka akiwa amefungwa.

Kwa jirani, ng'ambo ya Ziwa, Kenya iliunda kwa sheria ya mwaka 2011 mamlaka huru ya kusimamia polisi, isiyoongozwa na polisi. Mwezi Agosti 2017, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, mtoto mchanga wa miezi sita alijeruhiwa nyumbani kwao Kisumu katika msako wa polisi, akafariki. Uchunguzi wa kifo ulifanywa hadharani, na mwezi Februari 2019 hakimu wa Kisumu aliona kwamba makamanda, si askari wa mwisho peke yake, walikuwa na lawama. Mashtaka yaliyofuata yamekwenda mwendo wa kinyonga, na wala chombo huru si dawa ya kila ugonjwa. Lakini ukweli ulitamkwa mahakamani, mbele ya wazazi.

Tanzania haikosi uwezo wa kufanya hivyo. Mwaka 2006, wafanyabiashara watatu wa madini na dereva wa teksi walipouawa Dar es Salaam, Rais aliunda tume chini ya Jaji Kipenka, na maelezo ya polisi kwamba waliouawa ni majambazi yakaanguka. Lakini tena ilihitajika amri ya Rais, na ni mwaka 2016 tu ambapo Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wa maafisa walioshtakiwa.

Mambo manne, basi, hayana budi kutekelezwa. Kwanza, kifo au jeraha kubwa lolote linalotokea mikononi mwa polisi lichunguzwe na chombo kisicho chini ya Jeshi la Polisi, chenye uwezo wa kufikisha jalada moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Pili, uchunguzi wa kifo mbele ya mahakama uwe wa lazima na wa wazi. Tatu, maungamo yakikataliwa kwa sababu ya mateso, hati ya mahakama iwe mwanzo wa uchunguzi dhidi ya afisa aliyehusika. Nne, mkuu aliyeagiza, au aliyejua akanyamaza, ahojiwe pamoja na aliyeshika fimbo.

Mengine hayangoji sheria mpya. Mganga anayejaza PF3 aandike alichokiona, si alichoambiwa. Mtendaji wa kata asikubali kuugeuza mwili wenye majeraha kuwa mgonjwa aliyezidiwa ghafla. Kule Butimba, chuo cha ualimu na gereza vipo katika eneo moja. Mwalimu anayehitimu hapo afundishe darasani kwamba aliyekamatwa bado ni raia.

Viapo vya kale vya Chama vilisema kwamba cheo ni dhamana. Aliyekabidhiwa mali ya watu hutoa hesabu. Aliyekabidhiwa miili yao iliyofungwa pingu hawezi kusamehewa hesabu hiyo.