Rangi Iliyofifia Haijafa

Askari hafundishwi kukitupa kiatu kwa sababu kimepauka. Hufundishwa kukisafisha, kukipaka dawa kidogo kidogo na kukisugua kwa kitambaa mpaka mkaguzi auone uso wake ndani yake. La kushangaza ni kwamba askari huyo huyo, boneti ya gari lake ikipaushwa na jua, huyasahau mafunzo hayo yote, akaenda kukopa fedha katika chama cha akiba ili gari lipakwe rangi upya. Sisi twaona kwamba hilo ni kosa, na twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi sababu zake.

Magari mengi yanayoegeshwa katika kambi zetu, tangu Mbarara hata Gulu na Moroto, yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kwa sheria ya mwaka 2018, gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa haliruhusiwi tena kuingizwa Uganda. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu hana budi kulitunza alilo nalo, kwani kulibadilisha kwahitaji fedha nyingi.

Yafaa kwanza tumjue adui. Mwanga mkali wa jua, joto na hewa huila rangi polepole, na paa na boneti ndizo huumia kwanza kwa kuwa ndizo zinazotazama juu. Vumbi jekundu la barabara zetu huikwaruza, na kinyesi cha kaloli, wale ndege wakubwa wa Kampala, huitoboa kikiachwa juani. Hata hivyo, mara nyingi kilichoharibika ni ngozi ya juu tu. Chini yake rangi ingali hai, na ndiyo maana kuisugua hurudisha mng'ao.

Lakini ngozi hiyo ni nyembamba sana. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150 tu, na vanishi ya juu peke yake ni mikroni 40 hivi, yaani haifikii unywele wa kichwani. Kila unaposugua, unaondoa sehemu yake isiyorudi. Ni kama akiba ya risasi: anayefyatua ovyo leo atakuja kuikosa siku ya haja.

Hatusemi haya kwa kusikia tu. Miaka michache iliyopita tulilipeleka gari letu la buluu kwa fundi mmoja wa mjini. Hakuwa na mashine ya kung'arishia, bali alifunga sifongo katika grenda ya kukatia vyuma. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, ilhali kazi hii yataka mizunguko 1,000 hadi 2,000. Kabla hatujamaliza chupa ya soda, rangi ya ukingo wa boneti ilikuwa imeungua mpaka rangi ya msingi ikaonekana. Tulilazimika kulipia boneti nzima ipakwe upya, na hadi leo buluu yake haifanani na ya milango. Fundi alikosea, lakini sisi ndio tuliotangulia kukosea, kwa kuwa tulimkabidhi gari bila kumwuliza atatumia nini.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Gari lioshwe vizuri na kukaushwa, kisha liwekwe kivulini hadi bati lipoe. Kingo na mikunjo ya bati ifunikwe kwa utepe wa karatasi, maana hapo ndipo rangi ni nyembamba kuliko kwingine kote. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana sana. Kitambaa cheupe kikichukua rangi ya gari, ujue kwamba halina vanishi na wasugua rangi yenyewe. Uwe mwangalifu zaidi. Ukiridhika, endelea kwa dawa ya kusugulia na sifongo safi, eneo dogo dogo, bila kuituliza mashine mahali pamoja. Maliza kwa dawa laini zaidi. Asiye na mashine atumie mikono. Atachoka, lakini hataunguza kitu.

Kisha ipakwe nta, na hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Nta haifufui rangi, kazi yake ni kuilinda. Nta maarufu kuliko zote ni karnauba, itokanayo na majani ya mnazi mwitu wa Brazili, na ndiyo hiyo hiyo hutiwa katika dawa nyingi za viatu. Ipakwe kwa wembamba, iachwe ikauke, kisha ifutwe kwa kitambaa laini. Irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu, na gari lisioshwe kwa sabuni ya unga ya nguo, kwani huiondoa nta yote. Kwa maoni yetu, kanuni ni hii: sugua mara chache, paka nta mara nyingi.

Hatusemi kwamba kusugua ni dawa ya kila ugonjwa. Vanishi ikibanduka kama ngozi ya nyoka, au bati likishikwa na kutu, hapo mpeleke fundi wa rangi bila kusita. Ukiamua kubadili rangi, kumbuka kwamba iliyo katika kadi ya gari ndiyo polisi atakayoiuliza.

Mwisho, twawakumbusha ndugu zetu wanaokaribia kustaafu. Wako wauzaji wanaopaka mafuta ya taa au oili gari lililochakaa ili ling'ae siku ya mnunuzi. Mng'ao huo hauchukui siku nyingi. Vumbi hugandamana, na kiinua mgongo cha miaka ishirini kimekwisha kwenda. Mnunuzi alitazame gari mchana, likiwa limeoshwa kwa maji na sabuni, na akague chini ya milango. Na askari anayeuza gari asimfanyie mwenzake hila hiyo. Mwenzake huyo amekuwa akimwamini kwa mambo makubwa kuliko gari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kopo la nta na nusu siku ya mapumziko ni gharama ndogo kuliko mkopo wa miaka miwili.