Video Kali Ni Rahisi Siku Hizi, Kuaminika Ndio Noma: Kile Mwanafunzi wa Video Hutoka Nacho Darasani

Kama uko na simu iko na kamera, mtaa mzima ushaanza kukuita kameramani. Umeshuti bathdei ya kasistako, umeshuti mechi ya mtaa, umeshuti hadi fujo za kanjo na mahoka. Sasa unajiuliza: kuna haja gani ya kulipa fee ya chuo, ukae darasani miaka miwili, usomee kitu unafanya bure kila siku ukiwa kwa mathree?

Swali ni la maana, na haliwahusu watu wa chuo pekee. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBE waliingia Gredi ya 10, na moja ya njia tatu za kuchagua ni ya sanaa na michezo, ambayo ndani yake kuna somo la tamthilia na filamu. Wazazi wengi wanauliza, "Hiyo nayo ni kazi ama ni mchezo?" Na wakati huo huo AI imeingia kwa soko na speed. Veo 3 ya Google ilitoka Mei 2025, na ukiiandikia sentensi moja inakutolea klipu safi, na sauti juu.

Ukweli ni huu: picha poa imekuwa kitu rahisi, kila mtu anaweza kuipata. Kile kimekuwa ghali ni video ambayo mtu ataiangalia hadi mwisho, aiamini, na mwenye kulipa akulipe bila drama. Ukichunguza vile darasa nzuri la video hufunza, karibu kila somo linarudi hapo. Haya ndiyo sita yenye uzito.

1. Sauti ndio hufukuza watu kwanza

Mtu ataangalia video iko na giza kidogo, hata ile imetingika. Akikosa kusikia maneno, anapita. Lekchara hurudia hii stori hadi unachoka, na sababu yake ni hesabu tu. Ukiwa umeweka maiki mita moja kutoka kwa mdomo halafu uisogeze hadi mita mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Kelele ya mathree, jenereta na fundi wa mabati haishuki, kwa sababu iko kila upande. Ndio unapata mahojiano ya Ngong Road ambapo konda anasikika kuliko mgeni.

Dawa haihitaji ganji mingi. Chukua simu ya beshte, washa rekoda, iweke kwa mfuko wa shati ya mwenye anaongea. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Ukifika kwa kuhariri, linganisha lile kofi kwa picha na lile kofi kwa sauti, na kila kitu kinaingiana. Kabla mtoke hapo, nyamazeni nusu dakika mrekodi chumba kikiwa kimya. Hicho kimya ndicho utaziba nacho mapengo ukianza kukata maneno.

2. Stima ya Kenya iko na tabia yake

Ushawahi shuti ndani ya duka ama kinyozi, ukapata mistari myeusi inapanda na kushuka kwa video? Wengi hudhani simu imeharibika. Simu iko sawa. Stima yetu hapa Kenya hukimbia kwa 50 Hz, kwa hivyo taa nyingi za bei ya chini huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Simu nyingi nazo huja zimepangwa kushuti fremu 30 kwa sekunde, mpango unaotoka nchi kama Marekani ambako stima ni 60 Hz. Hizo hesabu mbili hazipatani, ndio mistari inatokea.

Mwanafunzi wa video hujua hii mapema: weka fremu 25 na kasi ya shata 1/50, mistari inapotea. Kama kamera ya simu yako haikubali, kuna programu ya bure inaitwa Blackmagic Camera, iko kwa iPhone tangu 2023 na kwa Android tangu 2024, na inakuachia upange kila kitu mwenyewe.

Hapo hapo kuna somo la ngozi zetu. Ukimweka mtu mgongo kwa dirisha, simu inapima mwangaza wa dirisha na uso wake unakuwa kivuli. Mgeuze aangalie dirisha, kisha gusa uso wake kwa skrini ndio simu ipime hapo. Mtu wa rangi ya chokoleti akishutiwa vizuri huwaka kuliko filta yoyote. Akishutiwa vibaya anakuwa kama amefichwa, na hiyo si makosa ya ngozi yake.

3. Klipu moja ya sekunde tatu haisemi kitu

Angalia feed yako. Watu hushuti wakizungusha simu kama wanatafuta network. Darasani unafunzwa kusimama. Picha ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha mtu, ya karibu inayoonyesha mikono au uso. Kila moja sekunde kumi bila kutingika, hata kama utatumia tatu tu.

Chukua mama wa chapo hapo kona. Mikono inakanda unga. Uso unaangalia moto. Chapo inageuzwa. Mteja anapokea. Halafu picha ya mbali: kibanda, barabara, na ile jengo nyuma yake. Kwa hizo tano, mtu wa Kisumu ama wa Toronto anajua uko wapi, nani anafanya nini, na kwa nini ajali. Hiyo picha ya mbali wengi huiruka kwa sababu haina mbwembwe. Soma somo linalofuata ndio ujue bei yake.

4. Faili asili ni mali, iweke kama mali

Hapa ndipo mambo yanakuwa serious.

Juni 25, 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalifika Bungeni na vijana wakapigwa risasi. Karibu kila mtu alikuwa anashuti. Aprili 2025, BBC Africa Eye wakatoa *Blood Parliament*, wakitumia zaidi ya picha na video 5,000 kufuatilia nani alipiga risasi. Walijuaje dakika yenyewe? Kwa data iliyofichika ndani ya faili za kamera, muda wa video za moja kwa moja, na saa za hadharani zilizoonekana nyuma ya waandamanaji. Yaani msee alishuti akiwa mbali, saa ikaonekana kwa kona ya picha, na miezi kumi baadaye hiyo kona ndiyo ilikuwa na kazi.

Timu hiyo hiyo ilikuwa imefanya kitu kama hicho mapema. Mwaka wa 2018 ilitokea klipu ya wanajeshi wakiua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Cameroon ikasema ni habari feki. Africa Eye wakalinganisha mstari wa milima nyuma ya klipu na picha za satelaiti, wakapima vivuli vya watu kujua ni miezi gani, na wakathibitisha ilikuwa kaskazini mwa Cameroon, 2015. Mwaka wa 2020 wanajeshi wanne walifungwa miaka 10 kila mmoja. Milima ndiyo ilitoa ushahidi. Kama mwenye kushuti angekuwa amevuta lenzi karibu wakati wote, hakungekuwa na milima.

Sasa fikiria ni video ngapi za 2024 ziko kwa simu za wasee, zimetumwa WhatsApp, halafu zile asili zikafutwa ndio nafasi ipatikane. WhatsApp hubana video na kuondoa sehemu kubwa ya ile data ya ndani. Na sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki ije na cheti kinachoeleza ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. "Nilitumiwa kwa grupu" haijazi hicho cheti.

Darasani hii inaitwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine kabisa. Usiione kama stori ya wazungu wa makampuni. Mei 2, 2025, watengeneza filamu wanne walikamatwa Nairobi kuhusiana na ile filamu, wakaachiliwa siku iliyofuata. Simu zao zikabaki na polisi. BBC ilisema hao wanne hawakuhusika kuitengeneza. Kwa hivyo hata kama hauko kwa ile stori, kifaa chako kinaweza kuondoka mkononi leo jioni. Kama kazi yako yote iko ndani ya simu moja, hauna kazi, uko na bahati.

5. Ruhusa ni sehemu ya kushuti

Kila mtu huchukia lile somo la sheria, hadi siku barua ya wakili inafika. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uso wa mtu ni data yake. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Siku hiyo hiyo shule moja ikapigwa Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila wazazi kukubali. Hapo nyuma ya kila picha kulikuwa na mtu aliyeshika kamera na hakuuliza.

Sheria iko na nafasi ya uandishi wa habari na sanaa. Lakini tangazo la wigi za klayenti wako si habari, buda. Beba fomu ya ukurasa mmoja: jina, tarehe, video itatumika wapi, sahihi. Mtu hataki kuandika? Mrekodi akisema mwenyewe kwa kamera kwamba amekubali. Na ngoma ya msanii usiichukue tu kwa sababu iko YouTube. Klayenti akiposti video halafu sauti inyamazishwe kwa sababu ya hakimiliki, wewe ndiye utapigiwa simu saa tano usiku.

Karatasi pia hulinda chapaa yako. Andika kazi ni gani, itaisha lini, malipo ya kwanza ni ngapi kabla ya kushuti, na klayenti anaweza kuomba mabadiliko mara ngapi. Bila hiyo ya mwisho, utahariri harusi moja hadi bibi na bwana wapate mtoto.

6. Mbogi ndio cheti chako cha pili

YouTube itakufunza karibu kila kitu tumesema hapa. Haitakupatia watu. *Nairobi Half Life* ya 2012, ile filamu ilikuwa ya kwanza kabisa Kenya kupeleka Oscars, ilitokana na warsha ya One Fine Day Films, ambapo Wakenya waliokuwa wanajifunza waliwekwa kando ya watu wenye uzoefu na wakafanya kazi yenyewe. Kabla yake kulikuwa na *Soul Boy* iliyoshutiwa Kibera. Hayo yalikuwa masomo, na yalitoa filamu watu walilipa kuangalia.

Darasani leo unashika maiki, kesho unabeba stendi ya taa, kesho kutwa ndio unaambiwa uelekeze. Inachosha ego. Lakini ukitoka hapo unajua nani ni mkali wa sauti, nani huchelewa, na nani atakupigia simu kazi ikimzidi. Kwa hii industry yetu, kazi nyingi hupitia hiyo njia kabla zifike kwa tangazo.

Sasa ni lazima uende chuo?

Hapana. Kama fee haipo, haya masomo sita yanawezekana mtaani ukiwa na simu, mabeshte watatu na nidhamu. Kile chuo huuza ni muda wa kurudia, mtu wa kukukosoa bila huruma, na mbogi. Ukipata hizo tatu mahali pengine, uko sawa. Ukilipa fee na ukose hizo tatu, umenunua karatasi. Kwa hivyo kabla mzazi atoe hata shilingi, mpitie kwa hicho chuo muulize: wanafunzi hushuti mara ngapi kwa muhula, na tunaweza kuona kazi za wale walimaliza mwaka jana? Wakikuonyesha tu jengo na kamera kwa kabati, piga hesabu tena.

Kuhusu AI, itaendelea kuwa kali na bei itashuka. Kazi za picha tu, zile za "nitengenezee kitu cha kung'aa", zitaenda nayo. Lakini AI haikuwa Bungeni Juni 25. Haiwezi kutoa faili asili, haiwezi kumuomba mama wa chapo ruhusa, na haiwezi kusimama kortini iseme ilikuwa pale.

Weekendi hii jaribu hivi: chagua mtu mmoja anafanya kazi mtaani kwenu. Muombe ruhusa. Shuti picha tano, sekunde kumi kila moja, moja ikiwa ya mbali. Rekodi sauti yake kwa simu ya pili. Hariri iwe dakika moja bila ngoma yoyote. Weka nakala tatu. Kisha umwonyeshe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na uangalie uso wake.