MASTAA, KABLA YA FRIJI JIPYA MPELEKEENI MAMA FUNDI UMEME

Wadau, kila wiki tunaletewa video ya staa akitutembeza kwenye mjengo wake mpya. Jipsamu ya ngazi tatu, taa za rangi kuzunguka dari, kiyoyozi kila chumba. Tunapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutufungulia meini swichi tuone kilichomo.

Leo naongea na msanii mmoja, simtaji, anajijua. Kaposti mama yake na zawadi: friji la milango miwili, kiyoyozi na oveni. Jambo jema, mama ni mama. Ila nyumba yenyewe ni ya zamani, na soketi inayoonekana nyuma ya bi mkubwa imeungua pembeni! Nyaya za nyumba kama hizo ziliwekwa enzi za balbu nne na redio. Nyingi hazina hata waya wa ethi. Ndizo zile nyumba unaambiwa "vaa ndala kwanza ndo ushike friji". Halafu unamwongezea oveni? Kaka, hiyo sio zawadi, huo ni mtego uliofungwa utepe.

Na nyie wa mijengo mipya msicheke. Upya wa rangi hautibu waya feki. Jipsamu inaficha nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa solotepu. Oveni, hita ya maji na kiyoyozi, kila kimoja kinataka laini yake toka meini swichi. Fundi wa bei chee anavibandika vyote kwenye laini moja ya soketi ya milimita 2.5, waya unachemka ndani ya ukuta, nyie mko bize kupiga selfi.

Najua mtasema mafundi wa mtaani ni wababaishaji. Sikubali. Fundi wa mtaani ndiye wa kwanza kumtafuta: kazi zake majirani wanazijua, na umeme ukileta shida saa nne usiku yuko karibu. Kosa ni lenu mnaouliza bei kabla ya leseni. Hapa Bongo leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, kwa madaraja. Kumwambia fundi "naomba nione leseni yako" sio dharau. Muulize pia: ethi utaipima? Kifaa cha kukata umeme ukivuja utafunga? Akianza kucheka, mpe nauli aende zake.

Mnamlipa mpambaji wa bethidei bila kuomba punguzo, ila fundi anayeshika uhai wa watoto wenu mnamkaba mpaka mia ya mwisho. Akikata waya mwembamba ili abaki na chochote, mnashangaa nini?

Kwa hiyo kaka staa, oveni ibaki kwenye boksi kwanza. Peleka fundi akague nyumba nzima ya mama, abadilishe nyaya, aweke ethi. Haitapata laiki nyingi, lakini bi mkubwa atashika friji lake bila ndala.

Wadau, kwenu friji halipigi shoti? Tiririkeni hapo chini.