Dola 600 za Kuvutwa na Mbwa Juu ya Barafu? Ngoja Kwanza

Nimepotea hapa kwa wiki kadhaa, samahanini sana. Kuna mteja aliyetaka mfumo wake wa mauzo uhamishwe kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzimwa hata dakika moja, na mnajua kazi za namna hiyo zinavyokula usingizi. Leo lakini sitaongea kuhusu seva. Nataka kuongea kuhusu barafu. Msicheke, kuna hesabu ndani yake :-)

Binamu yangu ni muuguzi huko Seattle, Marekani. Yeye na wenzake wa kazini wamepanga kusafiri na meli ya kitalii hadi Alaska. Meli ikitia nanga Juneau, abiria huuziwa safari za kando, na moja wapo ni hii: helikopta inakupeleka juu ya barafuto (ile barafu nene ya milimani inayodumu miaka na miaka, ikiteremka polepole kwa uzito wake yenyewe), unakuta kambi ya mbwa, unapanda sleji, mbwa wanakuvuta, unapiga picha, helikopta inakurudisha bandarini. Bei aliyoambiwa ni dola 600 na ushee kwa mtu mmoja. Hizo ni zaidi ya shilingi 75,000 za Kenya. Akanitumia video kwenye WhatsApp na swali moja tu: "Kaka, wewe ni mtu wa hesabu. Nilipe au nisilipe?"

Haya basi. Mtu wa hesabu akafungua lahajedwali.

Ziara nzima, pamoja na kuruka kwenda na kurudi, ni kama saa mbili hivi. Kuvutwa kwenyewe ni kama nusu saa. Kwa hiyo dola 600 kwa dakika 30 ni dola 20 kwa dakika. Dola 20 kwetu hapa Eldoret ni nauli ya matatu hadi Nairobi na chenji ya kula chakula cha maana pale Nakuru. Kila dakika! Nikakaribia kumwandikia "usilipe" na kurudi kazini.

Lakini nikajishuku. Kipimo cha pesa kwa dakika ni kipimo kibovu. Tukikifuata hicho, basi starehe ya bei nafuu kuliko zote ni kukaa kwenye foleni ya magari Uganda Road saa kumi na mbili jioni, maana unapata dakika nyingi kwa nauli ndogo. Tena lazima niwe mkweli kuhusu wale mbwa. Wamezaliwa kukimbia, na kwa wafugaji wao kambi za juu ya barafu ni mahali pa kuwafanyia mazoezi majira ya joto, wakisubiri mashindano ya baridi kama Iditarod, ambayo ni mwendo wa kilomita 1,600 hivi. Mtu anayependa mbwa kwa dhati anaweza kutoka pale akiona amelipa kidogo. Binamu yangu hapendi mbwa. Tulipokuwa wadogo alikuwa akizunguka njia ndefu kwenda dukani kwa sababu ya mbwa wa jirani. Nilipombana akakiri kwamba anachotaka hasa ni kukanyaga barafu, kwa sababu kila mtu anasema inaisha.

Hapo swali likabadilika kabisa.

Wale mliosoma mifumo ya kompyuta mtakumbuka jinsi kompyuta inavyoamua kazi ipi ianze pale kazi zikiwa nyingi na muda mchache. Njia mojawapo ni kutazama kila kazi ina mwisho wake lini, kisha unaanza na ile ambayo mwisho wake uko karibu zaidi. Huangalii ipi ni kubwa wala ipi ni ya kupendeza. Sasa tuweke barafu kwenye foleni hiyo. Barafu ya Alaska inayeyuka, tena kwa kasi, lakini iko nyingi mno: ule uwanda wa barafu ulio juu ya Juneau peke yake una maelfu ya kilomita za mraba. Binamu akistaafu bado ataikuta. Je, barafu ya kwetu?

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitoa ripoti yake kuhusu Afrika mwezi Oktoba 2021. Lilisema kwamba kwa mwendo huu, barafu zote za Afrika, yaani za Kilimanjaro, Rwenzori na Mlima Kenya, zitakuwa zimekwisha kufikia miaka ya 2040, na Mlima Kenya utatangulia kwa mwaka kumi hivi. Mwaka 2022 UNESCO nao wakasema barafu za Afrika zilizo kwenye maeneo ya Urithi wa Dunia zitatoweka kufikia 2050. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ulikuwa umeshapoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Kwetu, barafuto la Lewis, ambalo ndilo lililopimwa kwa muda mrefu kuliko mengine katika Afrika, lilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Jirani yake, Gregory, halipo tena. Lewis lenyewe limekatika vipande viwili.

Mimi niliiona hiyo Lewis mara ya kwanza mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi, na kamera ya dijitali ya kuazima. Nikarudi Januari 2022. Nina picha mbili nilizopiga karibu na kile kibanda kinachoitwa Austrian Hut, mita 4,790 juu ya usawa wa bahari. Katika ile ya kwanza kuna ulimi mpana mweupe unaojaza bonde. Katika ile ya pili kuna mawe, mawe, na viraka. Kwa ushamba wangu wa kiprogramu nikaandika kijiprogramu cha kuhesabu pikseli nyeupe kwenye picha zote mbili. Nikakitupa. Theluji iliyoanguka usiku ule ilikuwa imefunika mawe, na kijiprogramu kikaihesabu kama barafu. Hilo nalo ni funzo: theluji ya jana si barafu ya miaka mia. Kwa kweli hata sababu mojawapo ya kuyeyuka ni hiyo hiyo. Theluji mpya ikipungua, barafu ya zamani inabaki wazi, chafu na nyeusi nyeusi, na kitu cheusi hunywa jua.

Kabla hamjaniandikia: najua kuna hoja kwamba mito yetu itakauka barafu ikiisha, hivyo twende tukaiage. Sikubaliani na hoja hiyo. Mito inayotoka Mlima Kenya inalishwa hasa na mvua na msitu. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kuibeba. Anayetaka kulinda maji alinde miti. Kuiona barafu ni jambo lingine, ni la macho na la kumbukumbu. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann aliuona Kilimanjaro na kuandika kwamba una theluji, na mwaka 1849 mwenzake Krapf akaandika hivyo hivyo kuhusu Mlima Kenya. Wasomi wa London wakabisha: theluji kwenye ikweta? Binti yangu ana miaka sita. Akifika umri wangu atabishiwa vile vile, ila safari hii wabishi watakuwa wanatazama mlima mtupu.

Sasa bei. Kilimanjaro ndio jina kubwa, lakini mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki hutumia dola 2,000 au zaidi, na sehemu kubwa si faida ya kampuni kama watu wanavyodhani. Ada ya hifadhi peke yake ni dola 70 kwa siku, kulala kambini dola 50 kwa usiku, na kodi juu yake. Zidisha kwa siku saba uone. Halafu kuna waongozaji, mpishi na wapagazi. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunatozwa ada ndogo sana ukilinganisha, na Mlima Kenya ni hivyo hivyo kwa raia, unalipia kwa eCitizen kabla hujatoka nyumbani. Binamu amechukua uraia wa Marekani lakini hakuacha wa Kenya, maana Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Basi abebe kitambulisho chake! Hicho kikaratasi cha plastiki kitamwokolea pesa kuliko kuponi yoyote ya mtandaoni.

Kwa zile dola 600 ataweza kulipia nauli kutoka Eldoret kupitia Nakuru na Nyahururu hadi Nanyuki, ada, chakula, mwongozaji na wapagazi kwa siku kadhaa. Atabaki na chenji kama hatadai hoteli ya fahari.

Lakini kuna jambo moja linalonisumbua kuliko bei, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Ni pesa iliyokwisha kulipwa.

Katika kazi yetu tunaijua vizuri. Kampuni imetumia miezi minane kwenye mradi mbovu, kila mtu anaona ni mbovu, lakini hakuna anayeufunga kwa sababu "tumeshatumia pesa nyingi". Mradi mbovu unaua bajeti tu. Mlimani tabia hiyo hiyo inaua watu. Mwaka 2008 tulikuwa saba. Mmoja wetu alianza kuumwa kichwa na kutapika pale kambi ya Shipton, mita 4,200. Tukamwuliza kama arudi, akasema, "Nimelipa bwana, nitafika." Na sisi, wajinga wa kutupwa, tukamshangilia! Tukamwita simba. Mwongozaji wetu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, ndiye aliyekataa. Alimwamuru afungashe usiku ule ule na akampa kijana wake amteremshe. Asubuhi tulimpata Old Moses akinywa chai, mzima kabisa. Nilipokuja kusoma baadaye kuhusu maji yanayojaa kwenye mapafu na ubongo kuvimba kwa ajili ya kimo, na kwamba dawa ya uhakika ni kushuka na kushuka haraka, nilikosa raha siku nzima.

Wala tusijidanganye kwamba sisi wa Eldoret tumezaliwa juu. Hapa ni mita 2,100 hivi. Inasaidia kidogo, haikingi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Point Lenana, mita 4,985, si mbali na hapo. Ushauri wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na unaofuata. Sasa tazameni ratiba ya kawaida ya njia ya Sirimon: usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, wa pili Shipton, mita 4,200. Ruka moja la mita 900! Ratiba hiyo ni fupi kwa sababu siku ni pesa. Kwa hiyo ukiwa na chenji, usinunue koti la pili. Nunua usiku wa ziada kule chini.

Hapo ndipo bei ndogo ina faida ambayo haionekani kwenye lahajedwali. Aliyelipa dola 2,000, akaruka kutoka bara jingine na kuwaahidi watu picha, atapata taabu sana kugeuka. Aliyetoka Eldoret kwa matatu anaweza kugeuka na kurudi Desemba ijayo. Basi mpango ulio bora ni ule unaokuruhusu kuuacha katikati bila kulia.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu lilikuwa hili: helikopta usilipe. Meli furahia, barafu za Alaska utaziona vizuri tu kutoka chini, Mendenhall inatazamika hata kwa anayefika kwa basi. Ukija nyumbani Krismasi, tupande Sirimon, usiku tano badala ya tatu, tuteremke kupitia Austrian Hut ukaione Lewis au kilichobaki chake. Tukifika tumefika. Nikikuambia urudi, unarudi, na nauli ya mwaka unaofuata ni juu yangu. Kilimanjaro tutaupanga baadaye, foleni yake haijafika. Rwenzori pia, ila huko kunahitaji siku nyingi zaidi na viatu vya meno ya chuma, na magoti yangu ya mtu wa kukaa kwenye kiti saa kumi kwa siku bado hayajapiga kura.

Najua baadhi yenu mtasema napenda tu mlima wangu. Labda. Lakini nimeonyesha hesabu yangu, onyesheni yenu.

Nyongeza, Jumapili usiku: Binamu amejibu. Helikopta ameiacha. Anauliza kama huko Shipton kuna maji ya moto ya kuoga, na kama wenyeji wa pale wanafuga mbwa.